Chumba cha familia likizoni: Nani atalala wapi?

Desemba ikikaribia, nyumba nyingi hapa Kitengela huwa na mazungumzo ya aina moja. Shule zimefungwa, watoto wamechoka kucheza katika vumbi la uani, na baba aliahidi tangu Januari kwamba mwaka huu familia yote itashuka Mombasa. Wapo watakaopanda treni ya Madaraka Express katika kituo cha Athi River. Wapo watakaojaza gari dogo mizigo hadi kioo cha nyuma kisionekane. Na wachache, hasa wasiopenda joto la pwani, wataifuata barabara ya Namanga hadi Amboseli, au wataenda Loitokitok chini ya Mlima Kilimanjaro, bila kutoka katika kaunti hii yetu ya Kajiado. Kisha hufika swali ambalo huulizwa kwa haraka na kujibiwa kwa haraka zaidi: tulipie chumba gani?

Mimi si wakala wa safari. Kazi yangu ni kutibu wagonjwa. Lakini wasafiri hao hao wakirudi mwezi wa Januari, wengi hupitia kliniki kabla hata mchanga wa pwani haujakauka viatuni. Mmoja ana homa, mwingine anahara, mtoto ameteguka mkono kwa kuanguka kutoka kitanda cha juu, nyanya amepandwa na presha. Ukiwauliza kwa utaratibu mambo yalivyotokea, unagundua kwamba mengi yalianza siku ile pesa zilipotumwa kwa hoteli, wala si siku ya safari. Ndiyo sababu nimeona heri wiki hii tuzungumze juu ya chumba.

Jina peke yake halitoshi

"Chumba cha familia" ni maneno matamu yasiyo na kipimo. Hoteli moja huita hivyo chumba kimoja kikubwa chenye kitanda cha wazazi na vitanda viwili vidogo pembeni. Ya pili hukuonyesha chumba cha kawaida cha watu wawili kilichoongezewa kochi la kukunjua. Ya tatu huwa na vyumba viwili vyenye mlango wa katikati. Pengine ni nyumba ndogo yenye jiko na sebule, na kule Amboseli huenda ikawa hema kubwa lenye bafu nyuma. Vyote hivyo vina jina moja katika tangazo, na vyote husemwa kuwa vinatosha watu watano.

Wazazi wengi huuliza bei, kiamsha kinywa, na umbali wa bahari. Si maswali mabaya. Ila kabla ya hayo, chukua karatasi, uandike majina ya watu wote mnaosafiri pamoja, na mbele ya kila jina uandike atalala wapi. Anza na mtoto mdogo kuliko wote. Wa pili awe mzee kuliko wote. Wa tatu ni yeyote mwenye maradhi ya kudumu: pumu, kisukari, shinikizo la damu, kifafa, selimundu, au mama mjamzito. Hao wakishapata mahali panapowafaa, wenye nguvu na walale palipobaki. Katika familia nyingi mambo huenda kinyume: anayelipa huchagua kitanda kwanza, na nyanya hupewa kochi.

Karibu na kidimbwi

Mama mmoja alikuja kliniki kwa ajili ya chanjo ya mtoto, na alipokuwa akingojea akanionyesha picha tatu katika simu yake.

"Daktari, hiki kinatazama kidimbwi cha kuogelea. Mlango unafungukia pale pale. Watoto watafurahi sana."

"Mdogo ana umri gani, mama?"

"Miaka miwili na nusu. Huyu hapa."

Nikamwambia hicho ndicho ningekiondoa kwanza katika orodha. Alishangaa, maana katika vile vitatu ndicho kilichokuwa ghali zaidi, na alidhani ubora wa chumba hufuata bei yake.

Tuangalie kwa nini. Watu wengi hufikiri kwamba mtoto anayezama hupiga kelele na kurusha mikono kama katika sinema. Mtoto mdogo hafanyi hivyo. Maji yakimfunika mdomo hana pumzi ya kulilia, na hutulia chini kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kupokea simu na kusema "nitakupigia baadaye". Sasa fikiria asubuhi ya pili ya likizo. Wazazi wamelala kwa uchovu, saa ni kumi na mbili unusu, mlinzi wa kidimbwi hajaingia kazini, na mtoto ameamka. Kati yake na maji kuna mlango wa kioo wa kusukuma kando, ambao jana jioni alijifunza kuufungua. Kwa familia yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, chumba kizuri ni cha chini kinachotazama bustani, chenye komeo la juu asilolifikia. Kidimbwi mkifuate kwa miguu, mtoto akiwa ameshikwa mkono, na mtu mzima mmoja awe zamu ya kumtazama, bila simu na bila gazeti. Hata hili.

Chumba cha juu nacho kina mambo yake, na jambo kuu ni roshani. Ukifika, kabla ya kufungua mizigo, toka nje uangalie vyuma vya ukingo. Nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita kumi, yaani karibu upana wa kiganja chako pamoja na kidole gumba. Kinachopita hapo ni mwili wa mtoto, kisha kichwa kikakwama, au kisikwame. Baadaye angalia viti na meza. Ukingo wa kimo cha kutosha hauna maana tena ukiwekewa kiti kando, kwa kuwa mtoto wa miaka mitatu ataparamia kuona bahari. Viingize viti vyote ndani. Wahudumu wakivirudisha nje kesho yake, viingize tena.

Vitanda vya ghorofa, vile ambavyo watoto wetu huviita dabo deka, huwekwa katika vyumba vya familia kwa sababu huokoa nafasi. Mtoto wa chini ya miaka sita asilale juu, hata akilia. Na mtoto mchanga asilale kochini pamoja na mtu mzima, kwa maana kati ya mwili wa mtu na mgongo wa kochi pana nafasi ambapo mtoto hukosa hewa bila kutoa sauti. Uliza kama hoteli ina kitanda cha mtoto. Alale chali, juu ya godoro gumu kiasi, bila mto.

Chandarua cha kitanda cha tatu

Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo familia za huku bara hukosea zaidi.

Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Usiku wetu ni wa baridi, na malaria si ugonjwa wa kila siku hapa. Ni bahati, lakini ina upande wake wa pili. Mtoto aliyezaliwa na kukulia hapa hajapata ile kinga kidogo anayojijengea mtoto aliyeumwa na mbu mara kwa mara tangu utotoni. Akiumwa na mbu mwenye vimelea huko Kwale au Kilifi, mwili wake unakutana na adui mgeni kabisa. Anaweza kuzidiwa kwa siku mbili au tatu. Baba aliyekulia Siaya au Busia asijidanganye pia, kwa sababu kinga ya utotoni hupungua mtu akiishi miaka mingi mbali na malaria.

Ni kweli kwamba malaria imepungua sana pwani kuliko ilivyokuwa miaka ya 1990, lakini haijaisha. Hata ndani ya Kajiado, sehemu za chini huweza kupata mbu wa malaria baada ya mvua, hasa palipo na mabwawa na mifereji ya kunyunyizia mashamba.

Sasa turudi chumbani. Utaingia, uone chandarua kizuri cheupe kimefungwa fundo juu ya kitanda kikubwa, na moyo utatulia. Tazama tena. Vitanda vidogo vya pembeni vina chandarua? Kochi litakalokunjuliwa usiku, linaning'inizwa nini? Mara nyingi hakuna. Chumba kilijengwa kwa watu wawili, chandarua kikawekwa kwa watu wawili, kisha wakaongezwa watoto watatu. Hivyo wazazi hulala ndani ya chandarua, na wale ambao malaria huwaua upesi hulala nje yake.

Basi ukipiga simu hotelini, usiulize "mna vyandarua?" Kila hoteli itajibu ndiyo. Uliza: "Je, kila kitanda kina chandarua chake, pamoja na vile vya kuongeza?" Na hata wakikubali, beba viwili vyako vilivyotiwa dawa, pamoja na kamba na misumari michache. Ni mzigo mdogo kuliko viatu vya mama. Ukifika kitandike mchana, uangalie matundu, na upenyeze pindo lake chini ya godoro pande zote nne. Mbu wa malaria huuma hasa usiku, kwa hivyo watoto wavae mikono mirefu baada ya jua kutua, na mafuta ya kufukuza mbu yafuate umri ulioandikwa kwenye chupa.

Wengine hutegemea kiyoyozi. Kweli baridi huwapunguza mbu, na dirisha lililofungwa huwazuia. Lakini stima ikipotea saa sita usiku kila mtu hufungua dirisha. Angalia wavu wa dirisha wakati bado kuna mwanga.

Mama mjamzito, na mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, wasiende penye malaria kabla ya kuonana na daktari wao. Ziko dawa za kuzuia, lakini si za kununua kwa kubahatisha dukani. Nyingine hazimfai mjamzito, na nyingine huanzwa siku kadhaa kabla ya kuondoka.

Watu sita, hewa moja

Familia nyingi hupenda kulala pamoja katika chumba kimoja kikubwa. Inapendeza, na ni nafuu. Ila mjue kwamba mnagawana pia hewa. Viyoyozi vingi vya hoteli haviingizi hewa mpya. Huizungusha ile ile ya ndani na kuipoza. Mmoja akiwa na mafua, siku ya tatu nusu ya chumba kinapiga chafya. Hayo huisha. Lakini yupo mjomba anayekohoa tangu Oktoba na kusema ni vumbi la Kitengela. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinahitaji kupimwa kifua kikuu kabla ya safari, si baada yake, na hasa kabla mtu huyo hajalala chumba kimoja na mtoto wa miezi minane. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali.

Ndiyo sababu mimi, kama pesa zinaruhusu, hupendelea vyumba viwili vya kawaida vyenye mlango wa katikati kuliko chumba kimoja kikubwa cha fahari. Mgonjwa akitokea mnaweza kumtenga. Mtoto mwenye usingizi mwepesi hupata kimya. Nyanya hupata choo chake. Na mara nyingine vyumba viwili vya namna hiyo ni nafuu kuliko kile kimoja kilichopewa jina kubwa. Hakikisha tu kwamba hoteli imeandika kuwa mlango huo upo na unafunguka, maana neno "karibu karibu" huweza kumaanisha orofa mbili tofauti.

Jambo la hewa ndilo lililoonekana wazi kabisa katika meli ya kitalii ya Diamond Princess. Mwezi wa Februari 2020 iliwekwa karantini bandarini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Kati yao, 712 walipatikana na virusi vya korona. Abiria walifungiwa vyumbani, na wale waliokuwa wamelipia vyumba vya ndani vya bei nafuu hawakuwa hata na dirisha. Walitolewa kwa zamu kupunga upepo juu ya meli. Nadhani hakuna aliyekuwa amefikiria dirisha kama jambo la afya alipokuwa akilipa.

Nimetaja meli kwa makusudi. Wapo wasomaji, na si wachache siku hizi, ambao watoto wao walioko Dubai au Marekani huwaalika kwa safari ya meli kama zawadi ya ndoa kutimiza miaka 30. Nyanya huleta karatasi kliniki na kuuliza atachagua chumba gani. Mimi humshauri achukue cha orofa za chini, katikati ya meli, si mbele wala nyuma, kwa kuwa hapo ndipo meli huyumba kidogo, na kichefuchefu cha baharini hupungua. Kiwe na dirisha au roshani. Kisiwe mbali na lifti. Kwa mtoto na mjamzito, soma masharti kwanza: kampuni nyingi hazipokei mtoto wa chini ya miezi sita, wala mama ambaye mimba yake imefikia wiki ya 24. Zahanati ya melini ipo, lakini malipo yake huwa makubwa, kwa hivyo bima ya safari ni ya lazima. Na kule kuhara na kutapika kunakosambaa melini husababishwa mara nyingi na kirusi cha noro, ambacho hakiogopi sana ile dawa ya kusugua mikononi. Maji na sabuni ndiyo hukiondoa. Kabla ya kuvuka mpaka, ulizia pia chanjo ya homa ya manjano. Hudungwa siku kumi au zaidi kabla ya kusafiri, na kadi yake siku hizi hutumika maisha yote.

Tusisahau hoteli za nchi kavu. Mwezi wa Julai 1976, wanajeshi wastaafu wa Marekani walikutana katika hoteli moja mjini Philadelphia, na baadaye zaidi ya watu 200 wakaugua nimonia isiyojulikana, 34 walifariki. Mwaka uliofuata wataalamu waligundua bakteria waliosababisha, ambao hukaa katika maji na kuingia kifuani kwa mvuke na matone madogo. Hunasa hasa wazee na wavutaji sigara. Chumba kilichokaa bila mgeni kwa wiki kadhaa kina maji yaliyolala katika mabomba. Ukiingia, fungulia bomba za bafu, moto na baridi, maji yatiririke kwa dakika chache huku umetoka na umeufunga mlango wa bafu. Hiyo haigharimu kitu.

Jiko halilali ndani

Kwa wale wa Amboseli na Loitokitok, hatari iko kwingine. Usiku wa huko, hasa kati ya Juni na Agosti, ni wa baridi ya kutetemesha, na nyumba ndogo za kukodisha hazina kipasha joto. Basi mtu huwasha jiko la makaa, nyama ikachomwa nje, na moto ukibaki humwonea huruma mtoto na kuliingiza ndani "lipashe joto kidogo".

Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na haichomi macho kama moshi. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hulegea, hutapika, kisha husinzia, na aliyesinzia hawezi kwenda kufungua mlango. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo ambayo watu huyaamini, na ndiyo yanayoua. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga. Ndani ya hema ni hatari vile vile. Heri uulize mapema kama kuna blanketi za kutosha, ubebe soksi na kofia za watoto, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri kwa kitambaa. Kama bafu lina mtungi wa gesi wa kuchemsha maji, mtungi na mashine yake viwe nje ya ukuta. Vikiwa ndani ya bafu lisilo na dirisha, omba chumba kingine.

Nyanya na ngazi

Nyanya hatalalamika. Atasema chumba ni kizuri, mwanangu, asante, kisha hatashuka kula chakula cha jioni kwa sababu ngazi ni 40 na goti linamuuma. Mwombee chumba cha chini, karibu na ukumbi wa kulia. Bafu lisiwe lile la beseni refu la kuingia kwa kuinua mguu. Wazee wengi huanguka hapo, na nyonga iliyovunjika katika umri wa miaka 75 si jambo dogo. Uulize pia kama sakafu ya bafu huteleza. Wanaomeza dawa za presha zinazoongeza mkojo huamka mara mbili tatu usiku, kwa hivyo kitanda chake kiwe upande wa choo, njia isiwe na mizigo, na taa ndogo iachwe ikiwaka.

Dawa zikae katika mkoba wa mkononi, si katika buti la gari kule kwenye joto la Mtito Andei. Anayetumia insulini aulize kama chumba kina friji. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Lakini isiguse ile sehemu ya barafu, kwa maana ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima.

Kuhusu maji nitasema kidogo, kwa sababu sisi watu wa Kajiado hatuhitaji kufundishwa kwamba maji meupe huweza kudhuru. Visima vingi vya huku vina floridi kupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na rangi ya kahawia katika meno ya watoto wetu ni ushahidi. Kuchemsha hakuiondoi. Pwani kinyume chake: tatizo la visima vingi ni vijidudu kutoka vyoo vya shimo vilivyo jirani, na hivyo kuchemsha hufanya kazi. Ukikodi nyumba, uliza maji yanatoka wapi, na ya mtoto yachemshwe hata kama mwenye nyumba anaapa kwamba yeye huyanywa.

Uliza vilevile hospitali ya karibu ni ipi na usiku mtafikaje. Walio Diani wana hospitali ya Msambweni. Walio kisiwani Mombasa wana Coast General. Walio ndani ya mbuga ya Amboseli wajue kwamba usiku safari ni ngumu, kwa hivyo mtoto mwenye pumu asitoke nyumbani bila dawa yake ya kuvuta, na ya akiba.

Mkisharudi

Bado kuna wiki chache za kuwa macho. Vimelea vya malaria havionyeshi dalili siku ile ile. Kwa kawaida huchukua siku saba au zaidi, mara nyingi wiki mbili hivi, na huweza kufika mwezi mmoja au hata kupita. Kwa hivyo homa huja wakati watoto wamerudi shule, nguo zimefuliwa, na hakuna anayekumbuka pwani. Mtoto ana joto, anaumwa kichwa, anatapika. Mama anasema ni mafua ya kubadilisha hewa, anampa dawa ya maumivu, joto linashuka jioni na kurudi usiku. Siku mbili zinapotea hapo.

Mtu yeyote katika familia akipata homa ndani ya miezi miwili baada ya safari, apimwe damu siku hiyo hiyo. Mwambie daktari au muuguzi, kabla hajakuuliza, kwamba mlikuwa Diani, Malindi au Kimana, na tarehe mliyorudi. Hapa Kitengela mhudumu huweza kutofikiria malaria kwanza, kwa kuwa wagonjwa wengi anaowaona hawakutoka nje ya mji. Kipimo cha kwanza kikionyesha hakuna kitu na homa ikaendelea, kirudiwe kesho yake. Usimeze dawa zilizobaki za jirani. Kiasi chake hufuata uzito wa mgonjwa, na dozi nusu huficha ugonjwa bila kuuponya. Na mtoto akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea kupita kawaida au akipata degedege, hiyo si ya kungojea kliniki kufunguliwa asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huo huo.